Siri Ambayo Seva Haipaswi Kuijua

Anayetengeneza programu yenye watumiaji na hifadhidata, iwe ya SACCOS, ya shule au ya duka la mtandaoni, hufika siku ya kuunda jedwali la watumiaji. Ataweka safu ya jina, safu ya barua pepe, kisha safu ya nywila. Kitu gani kiandikwe katika safu hiyo ya tatu ni swali lenye umri wa miaka zaidi ya 60, na jibu lake zuri lilipatikana mapema kuliko wengi wanavyodhani. Misingi yake ilichapishwa mwaka 1979, kwa lugha nyepesi, ikapatikana kwa yeyote aliyetaka kuisoma. Hata hivyo miaka 30 baadaye mamilioni ya watu walipoteza nywila zao kupitia mifumo iliyojengwa kana kwamba hakuna aliyewahi kuliwaza jambo hilo. Namna maarifa hayo yalivyopatikana, yakapotea, kisha yakarudishwa kwa gharama, ndiyo habari ninayotaka kuisimulia.

Mashine moja, watu wengi: 1961–1966

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 kompyuta haikuwa na haja ya kumtambua mtu. Mwenye kazi alileta rundo lake la kadi zenye matundu, akalikabidhi kwa mhudumu wa mashine, akarudi baada ya saa kadhaa kuchukua majibu yaliyochapishwa. Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Mfumo huo uliwagawia watu kadhaa muda wa mashine kwa zamu fupi mno, kiasi kwamba kila mmoja, akiwa ameketi mbele ya taipureta iliyounganishwa kwa waya, alijiona kama ana kompyuta peke yake. Mafaili ya watu mbalimbali yakaanza kukaa kwenye diski moja. Na kwa kuwa muda wa mashine ulikuwa ghali, kila mtafiti alikuwa na mgawo wake, na mgawo huo ulipaswa kulindwa usiliwe na mwingine. Corbató alichagua ulinzi mwepesi kuliko wote: kila mtu na nywila yake. Nywila zote ziliandikwa kama zilivyo, herufi kwa herufi, ndani ya faili moja la mfumo.

Faili hilo halikukaa sana kabla ya kusomwa. Allan Scherr, aliyekuwa akisomea uzamivu hapo hapo MIT, alikuwa na mgawo wa saa nne kwa wiki, na utafiti wake ulihitaji zaidi ya hizo. Aligundua kwamba mfumo ulipokea maombi ya kuchapisha faili kwa njia ya kadi: unaandika namba ya akaunti na jina la faili, na mashine inachapisha bila kuuliza wewe ni nani. Usiku wa Ijumaa moja ya mwaka 1962 aliweka kadi ya kuomba faili la nywila. Jumamosi asubuhi akaikuta orodha nzima mahali pa kuchukulia machapisho. Ilipita takriban robo karne kabla hajamweleza Corbató.

Tukio la pili halikuwa na mwizi. Mwaka 1966 wasimamizi wawili wa CTSS walikuwa kazini wakati mmoja. Mmoja alikuwa akihariri tangazo la siku, lile linalomtokea kila anayeingia kwenye mfumo; mwingine alikuwa akihariri faili la nywila. Programu ya kuhariria ilitungwa kwa dhana kwamba katika akaunti moja kutakuwa na mhariri mmoja tu, hivyo ikatumia faili la muda lenye jina lile lile kwa wote wawili. Mafaili yakabadilishana nafasi. Kuanzia hapo kila aliyeingia alilakiwa na orodha ya nywila za watumiaji wote, mpaka mfumo ulipozimwa. Corbató mwenyewe aliisimulia habari hii alipopokea Tuzo ya Turing ya mwaka 1990.

Kwangu tukio hili lina uzito kuliko lile la Scherr. Upenyo alioutumia Scherr ungeweza kuzibwa kwa kanuni moja ya uchapishaji. Lakini hawa wawili walikuwa na haki ya kuwa pale walipokuwa, walikuwa wakifanya kazi waliyoajiriwa kuifanya, na kasoro iliyowaangusha ilikuwa ndani ya programu ambayo haikuhusiana na ulinzi hata kidogo. Maadamu orodha iko mahali, iko siku itaonekana. Waliotafakari tukio hilo wakaacha kuuliza namna ya kulificha faili, wakauliza namna ya kulifanya lisiwe na kitu cha kuiba.

Cambridge ya Uingereza, 1967–1974

Jibu lilitoka katika mji wenye jina lile lile na ule wa MIT, ng'ambo ya bahari. Katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Roger Needham alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakijenga mfumo wa watumiaji wengi wa kompyuta iliyoitwa Titan. Yeye na mwenzake Mike Guy walikuja na wazo ambalo leo linaonekana la kawaida: mashine haihitaji kuijua nywila ya mtu. Inachohitaji ni kuweza kuthibitisha kwamba aliyeichapa leo ni yule aliyeiweka jana.

Njia yao ni hesabu isiyorudi nyuma. Nywila inapitishwa katika hesabu hiyo na kutoka kama msururu wa alama usiofanana nayo kabisa. Msururu huo, ambao mafundi huuita hashi, ndio unaoandikwa kwenye faili. Mtu akirudi kesho na kuchapa nywila yake, mashine inaipitisha tena katika hesabu ile ile na kulinganisha matokeo na kilichoandikwa. Vikilingana, anaingia. Ni kama mahindi yaliyosagwa: punje za aina moja hutoa unga wa aina moja, lakini hakuna awezaye kuutazama unga akazirudisha punje. Mkuu wa maabara, Maurice Wilkes, aliliweka wazo hilo katika kitabu chake kuhusu mifumo ya watumiaji wengi kilichotoka mwaka 1968.

Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walichapisha mapendekezo ya hesabu zilizo imara zaidi kwa kazi hiyo. Kufikia hapo wengi waliamini tatizo limekwisha. Iliyokuwa imesahaulika ni tabia ya binadamu anayechagua nywila.

Bell Labs, 1979

Robert Morris na Ken Thompson walikuwa wakifanya kazi katika maabara za Bell huko New Jersey, ambako mfumo endeshi wa Unix ulizaliwa. Unix ya miaka ya mwanzo ya 1970 ilizificha nywila kwa programu iliyoiga M-209, mashine ndogo ya kusimba ujumbe iliyotumiwa na jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Ilionekana kutosha. Kisha Morris na Thompson wakafanya kitu ambacho watengenezaji wa mifumo hawakukizoea: wakageuka wezi wa mfumo wao wenyewe.

Kwanza walipima kasi. Kompyuta ya PDP-11/70 iliweza kujaribu nywila moja kwa milisekunde 1.25. Kwa kasi hiyo, nywila zote zinazowezekana za herufi ndogo tano zingemalizwa kwa saa nne hivi, na za herufi sita kwa saa 107. Hesabu yenyewe haikurudishwa nyuma. Mwizi alikuwa akikisia tu, akisaga kila kisio na kulinganisha unga. Kisha wakakusanya nywila 3,289 za watumiaji halisi. Zilizokuwa na herufi moja tu zilikuwa 15, zenye herufi mbili 72, zenye herufi tatu 464. Nyingine 492 zilipatikana katika kamusi na orodha za majina. Kwa jumla asilimia 86 ya nywila zote zilikuwa dhaifu kiasi cha kuvunjwa kwa kutafuta kidogo tu.

Makala yao, iliyotoka Novemba 1979, ilitoa dawa mbili ambazo kila mfumo mzuri wa leo umezirithi. Dawa ya kwanza ni kuichelewesha hesabu kwa makusudi. Walichukua DES, njia ya kusimba iliyokuwa imepitishwa na serikali ya Marekani, wakaipitisha mara 25 mfululizo kwa kila nywila. Mtumiaji anayeingia mara moja asubuhi haoni tofauti. Anayekisia mara milioni anaiona kila anapokisia.

Dawa ya pili waliiita chumvi. Kila nywila mpya inapowekwa, mfumo huchagua namba ya kubahatisha, ikachanganywa na nywila kabla ya kusagwa, na namba hiyo ikaandikwa wazi kando ya hashi. Chumvi ya Unix ilikuwa ya biti 12, yaani namba 4,096 tofauti. Faida yake ni hii: watu wawili wenye nywila moja wanapata hashi mbili zisizofanana, na mwizi hawezi tena kusaga kamusi nzima mara moja, akaiweka akiba, kisha akailinganisha na watumiaji wote kwa mkupuo. Analazimika kuanza upya kwa kila chumvi. Walibadilisha pia sehemu moja ya DES kulingana na chumvi, ili vifaa vya DES vilivyouzwa madukani visiweze kutumika kuharakisha wizi.

Waliamini kazi yao kiasi cha kuliacha faili la nywila, lile la /etc/passwd, lisomwe na kila mtumiaji wa mfumo. Nywila ya Thompson mwenyewe, iliyobaki kwenye nakala ya zamani ya Unix, ilivunjwa Oktoba 2019, miaka takriban 40 baadaye, na kadi ya michoro iliyofanya kazi kwa zaidi ya siku nne. Ilikuwa p/q2-q4!, ambayo ni hatua ya kufungulia mchezo wa chesi. Kwa teknolojia ya 1979, naona walitimiza walichoahidi.

Baba na mwana: 1988–1999

Novemba 2, 1988, programu iliyojisambaza yenyewe ilianza kuzunguka kwenye intaneti changa ya siku hizo na kuzilemea maelfu ya kompyuta. Ilikuwa na njia kadhaa za kupenya, na mojawapo ilikuwa kulisoma faili la nywila lililo wazi, kisha kukisia: jina la mtumiaji, jina hilo kinyumenyume, orodha ya maneno 432 iliyobebwa ndani yake, na mwisho kamusi ya mashine yenyewe. Ilibeba pia toleo la hesabu ya Unix lililoandikwa upya ili liende kasi zaidi. Mwandishi wake alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, mtoto wa Robert Morris yule yule wa makala ya 1979, ambaye wakati huo alikuwa mwanasayansi mkuu wa kituo cha usalama wa kompyuta cha serikali ya Marekani.

Baada ya hapo mifumo ya Unix ilizihamisha hashi kutoka faili la wazi kwenda faili lisomwalo na msimamizi peke yake. Mwaka 1991 Alec Muffett, Mwingereza, alitoa programu iitwayo Crack, iliyowawezesha wasimamizi kuzipima nywila za watumiaji wao kabla wezi hawajazipima. Lakini tatizo la ndani zaidi lilikuwa lile la mizunguko 25. Morris na Thompson waliiweka namba hiyo ndani ya programu, na kompyuta ziliendelea kuongeza kasi mwaka hadi mwaka huku mizunguko ikibaki 25.

Niels Provos na David Mazières, waliofanya kazi kwenye mfumo wa OpenBSD, waliligusa hilo moja kwa moja. Njia yao ya bcrypt, iliyoelezwa katika makala ya mwaka 1999, ina kipimo cha gharama kinachoandikwa pamoja na hashi yenyewe. Ukiongeza kipimo kwa moja, kazi inakuwa maradufu. Msimamizi wa mwaka 2025 anaweza kupandisha gharama bila kubadilisha hesabu, na hashi za zamani zinaendelea kusomeka kwa sababu kila moja imebeba kipimo chake. Karne ya 20 iliisha tatizo likiwa na suluhisho kamili, lililojaribiwa, lisilouzwa.

Kila mtu na jedwali lake: 1995–2012

Kilichobadilika ni nani aliyebeba jukumu. Zamani nywila zilikuwa mali ya mfumo endeshi, na mifumo endeshi iliandikwa na watu wachache waliosomana makala. Wavuti ilikuja na hitaji jipya: mgeni wa tovuti hana akaunti kwenye seva, ana mstari tu katika jedwali la hifadhidata. PHP na MySQL zote zilianza mwaka 1995, na kwa zana hizo kijana yeyote aliweza kujenga mfumo wake wa kuingilia kwa jioni moja. Wengi walifanya hivyo, wakajifunza kwa kunakili mifano, na mifano hiyo iliandikwa na watu waliokuwa wakifundisha jambo jingine, mathalani namna ya kuandika swali la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata. Ulinzi wa nywila uliwekwa kwa mstari mmoja, na mara nyingi mstari huo ulitumia MD5.

MD5 ilitungwa na Ron Rivest na kutangazwa mwaka 1992. Kazi yake ilikuwa kuhakiki kwamba faili kubwa au ujumbe haujabadilishwa njiani, na kwa kazi hiyo kasi ni sifa. SHA-1, iliyotoka mwaka 1995, ilikuwa na shabaha ya aina hiyo hiyo. Mtu aliyeweka MD5 tupu kwenye safu ya nywila alikuwa ametimiza wazo la Needham na kuziacha nje dawa zote mbili za Bell Labs: hakuna ucheleweshaji, hakuna chumvi. Silaumu vijana hao. Hakuna aliyewaambia kwamba neno hashi linabeba vitu viwili tofauti, na zana walizopewa ziliifanya njia mbaya kuwa ndiyo fupi.

Gharama ya kukosa chumvi ilionyeshwa mwaka 2003 na Philippe Oechslin wa Lausanne, Uswisi. Alitumia majedwali yaliyosagwa mapema, yenye ukubwa wa gigabaiti 1.4, dhidi ya hashi za Windows za aina ya zamani, ambazo hazikuwa na chumvi. Asilimia 99.9 ya nywila za herufi na tarakimu zilivunjwa, kila moja kwa wastani wa sekunde 13.6.

Desemba 2009 ikaja zamu ya RockYou, kampuni ya Marekani ya programu ndogo za mitandao ya kijamii. Mdukuzi alipenya kwa njia ya kuingiza amri za SQL kwenye sehemu ambayo programu ilitarajia maandishi ya kawaida: kama msimbo unaunganisha alichochapa mtumiaji moja kwa moja na swali la hifadhidata, basi mtumiaji anaweza kuandika swali lake mwenyewe. Akatoka na nywila za zaidi ya akaunti milioni 32. Hazikuwa na hashi yoyote. Zilikuwa zimeandikwa kama zilivyo, sawasawa na faili la MIT la miaka ya 1960. Kampuni ya Imperva ilipozichambua, ilikuta watu 290,731 waliochagua 123456. Orodha hiyo ikawa kamusi mpya ya wezi duniani, na hadi leo ndiyo ya kwanza kutumiwa katika majaribio mengi ya kuvunja nywila, kwa sababu inaonyesha watu wanavyochagua kwa kweli.

Juni 2012 hashi milioni 6.5 za mtandao wa LinkedIn zilitokea hadharani, zote za SHA-1, zote bila chumvi. Miaka minne baadaye ilibainika kwamba wizi ule ulihusu akaunti milioni 117. Mwaka huo huo wa 2012, mwezi Desemba, Mmarekani Jeremi Gosney alionyesha mtambo wa kompyuta wenye kadi za michoro 25, kadi zile zinazonunuliwa na wapenzi wa michezo. Mtambo huo ulikisia nywila za Windows, zinazotumia hashi ya NTLM, mara bilioni 348 kwa sekunde. Dhidi ya bcrypt yenye gharama ndogo, mtambo ule ule uliweza mara 71,000 tu. Mwanya huo kati ya bilioni 348 na 71,000 unafafanua jambo hili vizuri kuliko hotuba yoyote: vifaa ni vile vile, wezi ni wale wale, na tofauti yote imo katika mstari mmoja wa msimbo alioandika mtengenezaji.

Adobe, 2013, na kosa la ufunguo

Wizi wa Adobe, uliojulikana Oktoba 2013, unastahili nafasi yake kwa sababu kosa lake ni la watu waliofikiri wamejihadhari. Adobe haikuhashi nywila katika hifadhidata ile. Ilizisimba, kwa DES ya mara tatu. Kusimba hutumia ufunguo, na kila kilichofungwa kwa ufunguo kimekusudiwa kufunguliwa. Akaunti zaidi ya milioni 150 zilitumia ufunguo mmoja. Na kwa namna usimbaji ulivyopangwa, bila chochote cha kutofautisha mtu na mtu, nywila zinazofanana zilitoa matokeo yanayofanana. Kando ya kila moja kulikuwa na dokezo la kumkumbusha mwenyewe, limeandikwa wazi. Watu elfu kadhaa wakiwa na alama moja, na mmoja wao ameandika dokezo lenye jibu ndani yake, wote wanafunguka pamoja. Ufunguo wenyewe haukuhitajika.

Zana zarekebishwa: 2009–2015

Hatimaye wenye zana waliamua kwamba kuwahimiza watengenezaji hakutoshi. Juni 2013 toleo la PHP 5.5 lilikuja na vitendaji viwili, password_hash na password_verify, vilivyopendekezwa na Anthony Ferrara. Cha kwanza hutengeneza chumvi chenyewe, hutumia bcrypt, na huandika aina ya hesabu, gharama, chumvi na hashi katika maandishi mamoja yanayoingia kwenye safu moja ya jedwali. Cha pili hulinganisha. Mtengenezaji hana nafasi ya kusahau chumvi kwa sababu hakuulizwa. Nadhani hii ndiyo hatua iliyookoa nywila nyingi zaidi tangu 1979, na haikuwa na ugunduzi wowote wa kihisabati ndani yake.

Wanahisabati nao hawakulala. Kadi za michoro zinashinda kwa sababu zina vichakataji vidogo maelfu, lakini kila kimoja kina kumbukumbu haba. Mwaka 2009 Colin Percival alitoa scrypt, hesabu inayodai kumbukumbu nyingi ili wingi wa vichakataji usisaidie kitu. Mwaka 2013 lilitangazwa shindano la kimataifa la kutafuta hesabu bora ya nywila. Mapendekezo 24 yalipokelewa, na Julai 2015 mshindi akawa Argon2, kazi ya Alex Biryukov, Daniel Dinu na Dmitry Khovratovich wa Chuo Kikuu cha Luxembourg.

Palikuwa na swali la mifumo iliyokwisha kuwa na mamilioni ya hashi dhaifu. Huwezi kuhashi upya nywila usiyoijua. Alec Muffett, yule wa Crack, alikuwa sasa anafanya kazi Facebook, na Januari 2015 alieleza mjini London jinsi walivyolitatua: hashi ya zamani ya MD5 inachukuliwa kana kwamba ndiyo nywila, inatiwa chumvi, inasagwa upya, inapelekwa kwenye huduma tofauti inayoichanganya na ufunguo uliofichwa mbali na hifadhidata, kisha inapitishwa kwenye scrypt. Kila tabaka ni kumbukumbu ya kipindi fulani. Mwizi wa jedwali peke yake hapati lolote la kukisia bila ile huduma ya pili.

Ufunguo huo wa pembeni una maana ya pekee kwetu Afrika Mashariki, ambako tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, siri inayotumiwa na watu wengi kila siku ni namba ya tarakimu nne. Namba za namna hiyo ziko 10,000 tu. Hata ukitumia bcrypt inayochukua sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila jaribio, mwizi mwenye jedwali mkononi anazimaliza zote kwa mtu mmoja ndani ya dakika 17. Hapo uzito wa hesabu hausaidii. Kinachosaidia ni kufunga akaunti baada ya majaribio machache, na kuweka ufunguo katika kifaa ambacho nakala ya hifadhidata haiwezi kuondoka nacho. Anayejenga mfumo wake wa PIN na kuridhika na hashi pekee hajalinda kitu.

Hata penye hesabu nzuri, siri huweza kuvujia pengine. Julai 2015 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Ashley Madison, na mwezi uliofuata data ikamwagwa. Nywila milioni 36 zilikuwa katika bcrypt yenye gharama 12, kazi nzuri kabisa. Wiki chache baadaye kikundi kiitwacho CynoSure Prime, kwa kusoma msimbo uliovuja pamoja na data, kiliona safu nyingine katika hifadhidata: ufunguo wa kuingia moja kwa moja, uliotengenezwa kwa MD5 kutokana na jina la mtumiaji na nywila yake iliyogeuzwa herufi ndogo. Hawakuishambulia bcrypt moja kwa moja. Waliivunja MD5, kisha wakarekebisha herufi kubwa na ndogo, na zaidi ya nywila milioni 11 zikafunguka. Safu moja ililindwa kwa kanuni zote za ulinzi. Jirani yake, iliyoandikwa na mtu mwingine kwa haja nyingine, ikatoa siri ile ile.

Nje ya jedwali: 2016 na kuendelea

Tangu hapo hatari kubwa imehamia kwenye njia inayopitwa na nywila kabla haijafika kwenye hashi. Mei 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake milioni 330 wabadilishe nywila: ilitumia bcrypt, lakini kasoro iliandika nywila kwenye faili la kumbukumbu za ndani kabla ya kuhashiwa. Machi 2019 Facebook ilikiri jambo la aina hiyo hiyo kwa mamia ya mamilioni ya watumiaji. Septemba 2024 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland iliitoza kampuni mama, Meta, faini ya yuro milioni 91 kwa kosa hilo. Huku kwetu, Kenya na Uganda zilipata sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ikafuata mwaka 2022. Mtengenezaji wa mfumo mdogo wa Mwanza au Kisumu sasa anawajibika kisheria kwa taarifa za watu alizozikusanya.

Kanuni za uchaguzi wa nywila nazo ziligeuka. Juni 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kushauri mabadiliko ya lazima kila baada ya miezi kadhaa na mchanganyiko wa alama. Ikataka badala yake nywila ndefu, zilinganishwe na orodha za zile zilizokwisha kuvuja. Mwaustralia Troy Hunt, aliyeanzisha huduma ya Have I Been Pwned mwaka 2013, alitoa orodha kama hiyo bure, na programu inaweza kuiuliza kwa kutuma alama tano za mwanzo za hashi, bila kuifichua nywila yenyewe.

Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kuunga mkono funguo za kuingilia zinazokaa kwenye vifaa vya mtumiaji. Seva huhifadhi nusu ya wazi tu ya jozi ya funguo, ambayo hata ikichapishwa gazetini haimwezeshi mtu kuingia. Wazo la Needham limefika mwisho wake hapo, kwa kuwa siri haipiti kabisa kwenye seva, hata kwa sekunde. Lakini programu nyingi zilizoukubali mfumo huo zimeiacha nywila ibaki kama njia ya akiba kwa anayepoteza simu, na kwa hiyo safu ya tatu bado imo katika jedwali la watumiaji, na bado inahitaji chumvi yake, gharama yake na mtu wa kuipandisha kila baada ya miaka michache.